Picha Sita za Dari

Siku tatu kabla ya kung'oa nanga, Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mashua akibandua karatasi za makopo, na wala hakuwa na hasira. Hilo nalisema mapema, maana watu wa gati lile walikuja kusimulia kwamba aliamka nayo. Uongo mtupu. Aliamka anaimba.

Kubandua karatasi za makopo kunaonekana kazi ya kipuuzi mpaka uielewe. Unyevu wa baharini hulegeza gundi, karatasi hudondoka, huteremka chini ya sakafu, hunyonywa na pampu ya kutolea maji, na pampu ikiziba mkiwa wiki mbili mbali na nchi kavu, mmekwisha. Kwa hiyo kila kopo lilivuliwa nguo na kuandikwa ubavuni kwa kalamu nene: NYANYA, SAMAKI, MAHARAGE, kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Makopo mia moja na arobaini. Mayai yalikuwa yamepakwa mafuta na yakigeuzwa kila asubuhi yasioze. Vitunguu vilining'inia kwenye nyavu juu ya kitanda, na ukilala chali vilikutazama usoni. Karibu na ngazi ulikaa mfuko wa dharura, ule wa kunyakua kama mashua inazama, na Mama Pacha alikuwa ameufungua na kuufunga mara nyingi kuliko mkoba wake wa kanisani.

Mashua yenyewe ilikuwa na urefu wa mita kumi na moja, mlingoti mmoja, matanga mawili, na kitanda kimoja cha watu wanaopendana au waliochoka sana. Miaka mitatu walikuwa wameishi humo, yeye na Baba Pacha, tangu pacha wao waoe mwaka mmoja na kuhamia kila mmoja kwake. Yeye alistaafu uuguzi. Mumewe alifunga karakana yake ya useremala. Walikuwa wakirukaruka kutoka bandari hadi bandari, huku nchi kavu ikionekana pembeni karibu muda wote. Sasa walikuwa wanakwenda kuvuka bahari kuu. Siku ishirini na mbili upepo ukiwa mwema, na majira yalikuwa yanafungwa: wasipoondoka Alhamisi hiyo, au angalau wiki hiyo, dhoruba zingeanza na ingebidi wasubiri mwaka mzima.

Mlangoni mwa choo ilibandikwa orodha ya kazi mia moja na kumi na nne. Hapo ndipo ulipokuwa ufalme wa Mama Pacha, na sheria ya ufalme ule ilikuwa moja: aliyefanya kazi haweki tiki. Tiki ni ya mwenzake, baada ya kuiona kazi kwa macho yake mwenyewe. Sheria hiyo aliitoa kwenye chumba cha upasuaji, alikofanya kazi miaka ishirini na sita. Kule, kabla tumbo la mtu halijashonwa, muuguzi mmoja huhesabu vitambaa vya damu kwa sauti, na wa pili huhesabu upya kana kwamba hakusikia lolote. Ndivyo walivyofanya mashuani. Baba Pacha akibadilisha mkanda wa injini, mkewe anauvuta na kuutazama. Mkewe akishona tanga, Baba Pacha anapitisha vidole kwenye mshono. Watu wa gati waliwacheka sana. Walimwita Mama Orodha, naye alijibu kwamba bora kuitwa orodha kuliko kuitwa marehemu.

Kazi moja tu ilileta shida: kukagua juu ya mlingoti, pale zinapofungwa waya zote zinazousimamisha. Baba Pacha alikuwa na kilo tisini na magoti yaliyokwisha kwa kuinamia mbao. Mkewe alikuwa na kilo hamsini na sita. Kwa hiyo ni yeye aliyekaa kwenye kiti cha turubai, mumewe akazungusha winchi, akapandishwa mita kumi na tano hewani huku akimwita Mungu na kumtukana mumewe kwa zamu. Ili sheria isivunjwe, alipiga picha kila pini na kila fundo la waya, kisha akamtumia mumewe kwenye simu. Walikuwa wameketi hatua nne, mmoja kutoka kwa mwenzake, lakini alitaka jibu la maandishi. Jibu lilikuja: "Nimeziona zote. Vyuma viko safi. Weka tiki." Akaweka, kwa niaba yake, maana Baba Pacha alikuwa na grisi mikononi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kati ya kopo la sabini na la sabini na moja, simu ililia. Alikuwa dada yake, mkubwa wake.

"Wewe, mbona hujanijibu habari ya dari yangu?" dada alisema bila salamu. "Nimekutumia picha tangu Jumamosi. Jikoni kunavuja, fundi anasema ni mbao, mimi nasema ni bati. Muulize shemeji, yeye anajua mbao."

"Subiri niziangalie, dada. Nilikuwa juu ya mlingoti."

"Juu ya nini? Mtu mzima na wajukuu wanne!"

Akakata simu akicheka. Akafungua simu kutafuta picha za dari, akazikuta, lakini mahali pasipo pake. Zilikuwa kwenye mazungumzo yake na mumewe. Picha sita za dari ya jikoni, yenye madoa ya kahawia na kipande cha mbao kilichobonyea, alizozituma yeye mwenyewe kwa haraka kwa kugusa safu ya picha isiyo yenyewe. Za mlingoti hakutuma hata moja. Na chini ya zile sita, jibu la Baba Pacha lilikaa kwa adabu zote: nimeziona zote, vyuma viko safi.

Hapo ndipo ilipoanza. Kwanza kifuani, halafu masikioni. Hakuangalia! Mtu huyu hakufungua hata moja. Amepandishwa mkewe hewani kama ndoo ya zege, amepiga picha pini moja moja, na bwana mkubwa ameketi nyuma ya mashua na miwani yake myeusi, akabonyeza maneno mawili matatu akaendelea na chai yake. Na waya ile ikikatika, mlingoti utamwangukia nani? Mama Pacha aliliweka kopo chini taratibu sana. Waliowahi kufanya naye kazi wangeondoka chumbani.

Alipanda ngazi. Baba Pacha alikuwa ameketi juani akipiga msasa mpini wa usukani, kidole gumba kikitangulia na msasa ukifuata. Mpini ulikuwa laini kama yai. Kwa mbao, yule mwanamume hakuwa na mpinzani.

"Baba Pacha."

"Naam, mama."

"Zile picha za juu ya mlingoti. Uliziangalia?"

"Moja moja."

"Ulizikuza?"

"Nikazikuza. Pini zote zimekaa. Kwani vipi?"

Akamsogezea simu chini ya pua. "Na hii?"

Alikuwa amepanga kumuaibisha. Alitaka aone dari, ashtuke, aanze kujiumauma, ndipo amshushie yote aliyokuwa ameyapanga kwenye ngazi. Baba Pacha alipandisha miwani kwenye paji la uso, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza.

"Huu ni ule waya wa mbele," akasema. "Pale unapoingia kichwani mwa mlingoti. Hii kahawia ni kutu kidogo, ya juu juu tu. Ukiifuta inatoka."

Maneno aliyoyapanga Mama Pacha yalimtoka yote kichwani.

"Hii ni dari ya jikoni kwa dada yangu," akasema hatimaye.

"Dada yupi?"

"Nina dada wangapi, Baba Pacha?"

Akajaribu kucheka. Akasema ni jua, kioo cha simu kinang'aa. Mkewe akamkinga jua kwa mgongo wake mwenyewe, akamwambia haya, kivuli hicho, angalia tena. Hakuangalia tena. Aliishusha simu kwenye benchi, na kabla hajaiachia, kidole chake cha mwisho kilitafuta ukingo wa ubao.

"Tangu lini?" Alimuuliza kwa sauti ya wodini, ile isiyopanda wala kushuka.

"Mwaka jana. Ile bandari yenye mnara. Siku ile niliyokwenda kutafuta mpira wa pampu."

"Ulirudi na mpira usiofaa. Nilikusema siku mbili."

"Nilipitia kwanza kwa daktari wa macho. Aliniwekea matone ya kupanua mboni. Nilipofika dukani sikuwa naona hata muuzaji."

"Akasemaje?"

"Mtoto wa jicho. Yote mawili."

Nitawaambia ukweli, jambo la kwanza alilolisikia Mama Pacha lilikuwa nafuu. Alikuwa amejiandaa kwa majina mabaya zaidi, na anayajua yote. Nafuu ile ilidumu pumzi mbili. Kisha hasira ilirudi, na safari hii ilikuja na ukoo wake mzima.

"Mtoto wa jicho! Nusu saa! Unalala kitandani nusu saa, wanatoa kioo kibovu, wanaweka kipya, kesho yake unasoma gazeti! Nimesimama pembeni ya wangapi? Vikongwe wa miaka tisini wanakuja na kuondoka kwa miguu yao! Na wewe umekaa na kitu cha nusu saa miezi kumi na minne?"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ninaogopa."

"Unaogopa nini, kisu?"

"Naogopa hadithi zako," alisema Baba Pacha, na kwa mara ya kwanza naye sauti ikapanda. "Miaka ishirini na sita nimekula chakula cha jioni na hadithi zako! Yule mzee aliyekohoa wakati jicho liko wazi. Yule daktari aliyekakamaa mkono katikati ya kazi. Kile kioo kilichodondoka sakafuni mkakitafuta kwa magoti. Ulikuwa unasimulia huku unacheka. Mimi nilikuwa nashindwa kumeza."

"Nilikusimulia zilizoharibika kwa sababu zilizokwenda vizuri hazina hadithi! Elfu ngapi zilikwenda vizuri! Ulitaka nije nyumbani nikuambie leo mama fulani ameona?"

"Ungesema hata mara moja."

Jirani wa mashua ya pembeni, aliyekuwa anaanika taulo, alirudi ndani na taulo lake bado likiwa bichi. Mama Pacha alimwona, na hakujali. Alikuwa anapiga hesabu. Baharini hakuna kusimamisha mashua mkalala. Mmoja anakaa zamu, mwenzake analala, saa tatu kwa saa tatu, mchana na usiku, siku ishirini na mbili. Kazi ya mwenye zamu ni kuangalia tu. Meli kubwa inayoonekana mbali kama ukucha inaweza kukufikia ndani ya robo saa, na huko juu hakuna anayekuona. Yeye angekuwa kule chini, chini ya vitunguu, amefumba macho yake mazima, amemwachia mumewe ya kwake.

"Ungenilaza," akasema. "Ungenilaza usingizi kila siku, ukakaa hapo juu kama sanamu."

"Taa naziona. Zina ndevu tu, lakini naziona."

"Zina nini?"

"Ndevu. Kila taa ina ndevu pande zote. Nimezizoea."

"Meli haikuui kwa taa, Baba Pacha! Inakuua kwa chuma!"

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mashua ya mita kumi na moja haina pa kwenda mtu mwenye hasira. Ukipiga hatua sita umefika mwisho na inabidi ugeuke umwone tena yule yule. Akamwambia ni muongo. Akamwambia ni mbinafsi. Akamwambia kwamba hata mama yake mzazi, marehemu mkwe wake, alimwonya kuwa mtoto wake ana tabia ya kuficha vitu vilivyovunjika chini ya kitanda. Baba Pacha alimsikiliza na mikono yake imekaa juu ya ule mpini laini.

"Tunaweza kwenda bado," alisema Baba Pacha, mkewe alipovuta pumzi. "Sikiliza kwanza. Wewe ukae zamu za usiku, mimi nikae za mchana. Mchana naona vizuri kidogo. Kule katikati hakuna meli nyingi. Tukifika ng'ambo, nakuapia, siku ile ile nakwenda hospitali. Tukikosa wiki hii ni mwaka mzima, mama. Mwaka mzima hapa gatini."

Na kilichomuudhi Mama Pacha kuliko yote ni kwamba moyo wake ulisimama ukasikiliza. Uliipima. Usiku yeye, mchana yeye pia, jioni usingizi kidogo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya taa isiyojua saa, na kila alipotoka alijiapiza kwamba siku moja atakwenda mahali ambapo hakuna ukuta hata ukigeuka pande zote. Ndoto ya bahari kuu haikuwa ya Baba Pacha. Baba Pacha alipenda bandari, mikahawa na watu wa kubishana nao. Ndoto ilikuwa yake yeye. Alijishika akiipima, na akamgeuzia mumewe hasira ile pia.

"Vaa viatu," akasema. "Tunakwenda kwa karani wa bandari. Tunarudisha kibali. Na wewe ndiye nahodha kwenye karatasi, kwa hiyo utakwenda ukaseme mwenyewe kwa mdomo wako."

"Unanidhalilisha kwa kitu ulichokuwa unakijua?"

Akageuka. "Nilijua nini?"

"Ile asubuhi ya meli."

Mama Pacha alikumbuka asubuhi ile bila kutaka. Miezi minne nyuma, jua limeshachomoza, alipanda ngazi na vikombe viwili vya chai akakuta ubavu wa meli umeziba nusu ya mbingu, mweusi, na misumari yake ikihesabika, na Baba Pacha ameketi ameutazama, akamwambia, "Shwari, mama." Chai ilimwagika yote. Aliurukia usukani, akaukata kulia kwa nguvu zake zote, na mashua ikapita.

"Uliniambia kulikuwa na ukungu," alisema.

"Mimi nilisema sijaiona. Basi. Ukungu uliuandika wewe. Kwenye kitabu cha safari unaandika wewe, mimi mistari siioni. Kafungue usome."

Hakwenda kufungua. Alimwambia ana wazimu. Alimwambia, "Mimi? Muuguzi mzima nijue, ninyamaze, halafu nipande kitandani nilale? Hunijui!" Akachukua bahasha ya kibali, akaruka kwenye gati, akaanza kutembea. Hakumngoja. Alimsikia nyuma yake akitafuta kiatu cha pili, kisha akimfuata.

Gati lile lilikuwa la mbao zinazoelea, refu, limejaa takataka za watu wanaojiandaa na safari: madumu, mipira ya maji, kamba zilizoviringishwa na zisizoviringishwa. Mama Pacha alitembea mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Aliapa hatamsemesha. Si leo, si kesho, mpaka aombe radhi akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji na jicho limefunguliwa kwa vibanio. Jua lilikuwa kali. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Kamba," akasema.

Akaendelea kutembea.

"Ubao umeinuka. Kulia kwako." Hatua kumi. "Mpira wa maji." Hatua nyingine. "Ngazi, tatu, ya mwisho fupi."

Akasimama juu ya ile ngazi. Baba Pacha alipanda nyuma yake, moja, mbili, tatu, ya mwisho kwa hatua fupi, bila kuangalia chini, akasimama akihema. Mama Pacha alisimama pale na bahasha mkononi, mdomo wake mwenyewe ukiwa umemsaliti mchana kweupe. Alijaribu kukumbuka ni lini alianza kusema kamba. Hakupata siku. Alikuwa akimtajia ngazi za maduka na kona za meza. Orodha ya kazi aliisoma kwa sauti kila asubuhi kwenye chai, yote mia moja na kumi na nne, na hakuna aliyekuwa amemwomba. Na yale makopo: mwaka wa kwanza aliyaandika kwa herufi za kawaida. Nani alimwambia ayaandike makubwa vile?

Hasira haikuondoka. Msifikirie iliondoka. Ilikosa tu pa kusimama, ikawa inazunguka.

Ofisi ya karani ilikuwa chumba chenye feni moja na kaunta ndefu. Karani alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, na pembeni ya mihuri yake kulikuwa na mlima mdogo wa karatasi za kufutia pua. Aliwakumbuka, ni jana yake tu alikuwa amewapigia muhuri wa kuondoka na kuwatakia heri.

"Mnaahirisha?" aliuliza. "Poleni. Fomu ya kuahirisha ni hii, naijaza mimi, nahodha anasaini. Sababu?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alikuwa amevaa miwani yake, amenyoosha mgongo, mtu mzima mwenye heshima zake, na uso wake ulikuwa umeelekea upande wa karani lakini si kwa karani hasa.

"Andika mlingoti una kasoro," alisema Baba Pacha.

"Mlingoti wangu hauna kasoro!" Mkewe alipiga kaunta kwa kiganja mpaka karatasi za pua zikaruka. "Nimeupanda mwenyewe. Pini moja moja. Usiusingizie mlingoti!"

Karani aliinua kalamu, akawatazama kwa zamu.

"Andika nahodha haoni," alisema Mama Pacha.

"Haoni nini, mama?"

"Haoni. Macho. Ana mtoto wa jicho, yote mawili."

Baba Pacha aliinamisha kichwa. Masikio yake yaligeuka rangi. Karani aliandika taratibu, akapiga chafya, akaomba radhi, kisha akavuta faili ya jana na kuifungua. Kalamu yake iliteremka kwenye ukurasa, ikasimama.

"Hapa kuna shida kidogo," akasema. "Jana mlisaini kwamba wote mliomo mashuani mna afya ya kuendesha. Nahodha amesaini. Na wa pili amethibitisha kuwa anamfahamu na yuko timamu. Hii ni sahihi yako, mama? Hapa umeandika muuguzi mstaafu."

"Ni yangu."

"Basi inabidi nijaze na hii." Alitoa karatasi nyingine. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu mwenye mafua anayetaka kumaliza kazi yake. "Ni maswali mawili tu. La kwanza, nahodha alijua hali yake wakati anasaini?"

"Alijua," alisema Baba Pacha.

"La pili. Aliyethibitisha, alijua au hakujua?"

Feni ilizunguka. Mama Pacha alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, mumewe alikwishajibu, haraka, kwa sauti thabiti, ile aliyoitumia zamani kuwaambia wateja kwamba mlango utakuwa tayari Ijumaa.

"Hakujua," alisema. "Nilimficha. Ni mimi peke yangu."

Kalamu ya karani ilianza kushuka. Mama Pacha aliuona mkono wa mumewe ukiwa umeshika ukingo wa kaunta, kucha zimekuwa nyeupe. Nusu saa iliyopita mtu huyu huyu alimshutumu kwamba alijua. Alikuwa amemkasirikia tangu asubuhi kwa kutoona, kwa kuficha, kwa woga wake wa kipumbavu wa mezani, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomchoma kama neno hili la sasa, alilopewa bure, mbele ya watu, na mtu ambaye karibu amuue na ambaye yeye mwenyewe karibu amwache amuue.

"Usinitetee," akamwambia. "Nimekuambia usinitetee, Baba Pacha!"

Kisha akamgeukia karani.

"Aliyethibitisha alijua," akasema. "Andika hapo, mwanangu. Alijua."